Tabora hadi Pwani: Siku 134, Kisha Saa Moja na Nusu

Kutoka uwanja wa ndege wa Tabora hadi ule wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, ni takribani kilomita 730 kwa njia ya angani. Ndege ya pangaboi aina ya Q400 huzimaliza kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Mkazi wa Mtendeni, mjini Tabora, akipata ndege ya asubuhi, adhuhuri anaswali Kariakoo.

Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke waliondoka Kaole, jirani na Bagamoyo, mwishoni mwa Juni 1857. Waliingia Kaze, ndiyo Tabora ya sasa, tarehe 7 Novemba, siku ya 134. Wala hawakupotea, walifuata njia kuu ya misafara. Njia ile ilihesabiwa kwa maji, chakula na hongo. Msafara uling'oa kambi alfajiri na kutua kabla jua halijawaka. Marenga Mkali, kabla ya kuingia Ugogo, hapakuwa na maji, hivyo watu walilazimika kukaza mwendo hadi wavuke. Ndani ya Ugogo, watemi walidai hongo ya nguo na shanga, na mashauri hayo yaliweza kula siku kadhaa. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili, kama kilo 32, na juu yake chakula chake na kitu cha kulalia. Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa waliofungwa shingo kwa shingo.

Kwangu mimi, njia hii ni ya wapagazi kabla ya kuwa ya wale walioandika vitabu. Susi na Chuma, watumishi wa mpelelezi Livingstone, pamoja na wenzao, waliupitisha Tabora mwili wake mwaka 1873. Walipokwisha kutoka mjini, kijiji kimoja kikakataa maiti isipite. Wakajifanya wameirudisha, kumbe wameifunga upya kama mtumba wa nguo. Walifika Bagamoyo Februari 1874.

Reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912, na safari ya miezi ikawa ya siku chache.

Ndege nayo haikuchelewa, ila ilianza kwa balaa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walisafisha viwanja kutoka Cairo hadi Cape Town, na Tabora ikawa kituo kimojawapo. Januari 1920 ndege aina ya Vickers Vimy Commercial iliondoka Uingereza ikiwa na marubani Cockerell na Broome, na mwanasayansi Peter Chalmers Mitchell aliyeliandikia gazeti la The Times. Tarehe 27 Februari ilianguka Tabora ilipokuwa ikiruka. Watu walipona, lakini safari ikaishia hapo. Siku chache baadaye ndege ya marubani van Ryneveld na Brand, Silver Queen II, iliyofuata njia hiyo hiyo, nayo ikaanguka Bulawayo. Wao walipewa ndege nyingine na kufika Cape Town tarehe 20 Machi.

Tabora na Bulawayo zote ziko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na joto huizidishia wepesi: bawa hupata nguvu kidogo ya kunyanyua, injini hupungukiwa, na ndege huhitaji kukimbia zaidi ardhini. Injini za leo zina nguvu nyingi mno kuliko zile za Vimy, lakini rubani anayeondoka Tabora saa nane mchana bado hupiga hesabu ya joto na mwinuko huo kabla ya kukubali uzito wa abiria na mizigo.