Nani Aliandika "Hana"?

Mama mmoja alikuja kujiandikisha kwenye darasa letu la Kiingereza pale Jinja, kabla sijaja kukaa kambini. Nilipofika kwenye sehemu ya elimu nikaandika "hana". Akauliza, "Umeandika nini hapo, mwanangu?" Nikamsomea. Akacheka kidogo. "Miaka yote hii nauza samaki Masese. Kwa Lusoga, kwa Luganda, kwa Kiswahili, kwa Kijaluo. Na wewe unaandika sina?"

Nilinyamaza. Tangu siku ile najiuliza: hiki Kiingereza kilipita njia gani hata kikawaacha akina mama nyuma?

Tuanze na Jinja yenyewe. Busoga College, ambayo leo iko kwenye kilima cha Mwiri, ilianza mwaka 1911 kwa watoto wa kiume wa machifu. Mabinti wa machifu walikuwa na Gayaza tangu 1905, lakini hiyo iko mbali, upande wa Kampala, na jembe na kazi za nyumbani zilichukua nafasi kubwa katika mafunzo yao. Binti wa mkulima aende wapi? Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, mji ulikuwa umejaa wafanyakazi kutoka kila upande. Ofisini Kiingereza, kwa vibarua Kiswahili. Akina mama wengi hawakupata kazi za ofisini. Walipika, wakauza, wakajifunza lugha ya mteja.

Mbale nako njia ilikuwa ndefu zaidi. Semei Kakungulu alifika huko mwanzoni mwa miaka ya 1900 pamoja na Waganda wake, na Luganda ikawa lugha ya utawala na ya kanisa. Mwanamke Mgisu ilibidi avuke lugha hiyo kwanza. Kiingereza kilikuwa bado mbele huko, kwa karani na mwalimu, na wengi wao walikuwa wanaume.

Mwaka 1997 serikali iliondoa karo ya shule ya msingi kwa watoto wanne wa kila familia. Mabinti wengi waliingia darasani, ila mama zao walishakuwa watu wazima. Kisomo cha watu wazima, kilichoanza 1992, kilifundisha kwa lugha za kienyeji, na wengi waliokuja walikuwa wanawake. Ni jambo zuri kabisa. Lakini fomu ya hospitali na karatasi ya mahakama zilibaki za Kiingereza, maana ndiyo lugha rasmi kwa Katiba ya 1995. Kiswahili kiliongezwa mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, lakini kwenye fomu bado hukioni.

Ndugu zetu wa mashirika, mkisoma "hajui Kiingereza", msiishie kwenye "hajui". Hapa kambini mama anatia dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa, na Kiswahili chake ni lugha rasmi ya nchi hii. Kumwekea mkalimani si kumfanyia hisani.

Kiingereza chenyewe bado anakitaka. Yule mama wa Masese aliniambia anataka asome mwenyewe kabla ya kutia dole. Nilifuta "hana", nikaandika lugha zake nne. Nafasi haikutosha, nikamalizia pembeni ya karatasi.