Jirani Ambaye Hakuna Aliyemwona

Katika mfano wa Msamaria Mwema, yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi alionekana na watu watatu. Wawili walimpita, mmoja akamhurumia. Lakini yuko jirani mwingine ambaye mfano ule haumtaji, yule ambaye hakuna aliyemwona kabisa.

Jirani wa namna hiyo alikufa mjini Atlanta, Marekani, upande wa magharibi walikoishi Wamarekani Weusi karibu na chuo ambacho leo kinaitwa Morehouse. Alikuwa mwanamke kijana, mgeni mtaani. Aliugua ndani ya nyumba yake, na majirani walipopata habari hapakuwa tena na la kufanya. Mwezi Julai 1908 Lugenia Burns Hope, mke wa mkuu wa chuo kile, aliwakusanya wanawake wenzake nyumbani kwake. Wakaanzisha chama, Neighborhood Union, yaani Umoja wa Majirani, na wito wake wakauchukua kutoka amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako.

Mimi mwenyewe nimewahi kumzika msharika ambaye nilikuja kuambiwa makaburini kwamba alikuwa amelala kitandani miezi mitatu. Kwa hiyo habari hii siisomi kama mtu wa mbali.

Wanawake hawa hawakuanza kwa kuchangisha fedha, kama tulivyozoea sisi. Walianza kwa kupiga hodi. Mtaa waligawana, kila mmoja akapewa nyumba zake, karibu sawa na jumuiya zetu, isipokuwa wao walikwenda na daftari. Waliandika majina, wangapi wamo ndani, na hasa wasichana ni wangapi. Katika madaftari hayo yakazaliwa madarasa ya kushona na kupika, na vikundi vya vijana. Watoto ambao mama zao walishinda kazini wakapata mahali pa kucheza.

Mwaka 1913 walizigeukia shule za serikali za watoto Weusi, wakazikagua kwa miezi kadhaa. Walikuta vyumba vichafu na vyenye giza, na watoto wamejazana. Mwalimu mmoja alifundisha kundi moja asubuhi na lingine mchana, hivyo kila mtoto alipata nusu siku tu. Wazungu hawakusomeshwa hivyo. Wanawake wakaandika yote, wakaipelekea bodi ya elimu, wakawaendea meya, madiwani na wachungaji. Ikumbukwe kwamba miaka saba tu nyuma, Septemba 1906, makundi ya Wazungu yalikuwa yameua Weusi katika mitaa ya mji huohuo. Kubisha hodi kwenye ofisi zile hakukuwa jambo dogo.

Walipata nini? Nyongeza kidogo ya mishahara ya walimu, na jengo moja la muda la shule upande wa kusini. Masomo ya nusu siku yaliendelea. Vitabu vingine husimulia habari hii kama ushindi. Mimi naona walinyimwa karibu yote waliyoyaomba.

Hata hivyo hawakufunga daftari. Jiji lilipotaka kukopa fedha za maendeleo mwaka 1919, wapiga kura Weusi walikataa, kwa kuwa watoto wao hawakuwemo katika mpango. Mwaka 1921, wanawake nao wakiwa wameshapata kura, mkopo ulipita baada ya ahadi ya shule ya sekondari. Ilifunguliwa mwaka 1924, ikaitwa Booker T. Washington, sekondari ya kwanza ya serikali kwa Weusi wa Atlanta. Baadaye alisoma pale kijana Martin Luther King, ambaye majina yake mawili ya kwanza sisi Walutheri hatuhitaji kuelezwa.

Mtoto aliyekuwa na miaka 7 wakati wanawake wale wanakagua darasa lake alikuwa ametimiza 18 shule ilipofunguliwa.