Elektroretinografia

Elektroretinografia (kifupi: ERG) ni njia ya kupima umeme mdogo unaozalishwa na retina, yaani tabaka la ndani ya jicho linalopokea mwanga. Hutumika kwa binadamu na kwa wanyama, lakini mengi yanayojulikana kuihusu yalipatikana kwanza katika macho ya samaki, vyura na paka.

Historia

Mwaka 1849 Mjerumani Emil du Bois-Reymond alipima jicho la samaki lililotolewa mwilini. Alikuta tofauti ya volteji ya takriban milivolti 6 kati ya konea na upande wa nyuma wa jicho. Mwaka 1865 Mswidi Frithiof Holmgren aligundua kwamba umeme wa jicho la chura hubadilika mwanga unapowaka na tena unapozimwa. James Dewar na John McKendrick walifikia jambo hilohilo huko Uskoti mwaka 1873. (Dewar ndiye aliyebuni pia chupa ya kuhifadhi joto, mama wa chupa za chai za leo.)

Mwaka 1933 Ragnar Granit, mzaliwa wa Ufini, alimpa paka dawa ya usingizi ya etha na kuiongeza kidogokidogo. Sehemu za wimbi zilipotea moja baada ya nyingine, ikadhihirika kwamba wimbi hilo ni jumla ya michakato mitatu tofauti. Alishiriki Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1967.

Upimaji

Mnyama hukaa gizani kwanza ili retina yake izoee. Elektrodi moja hugusa konea, nyingine huwekwa kwenye ngozi, kisha jicho humulikwa kwa mmweko mfupi. Jibu lake kwa kawaida ni mikrovolti mia chache tu, hivyo ni lazima likuzwe. Wimbi a, linaloshuka, hutoka kwa seli zinazopokea mwanga; wimbi b, linalopanda, hutokana hasa na seli za tabaka linalofuata. Dawa za usingizi hubadilisha ukubwa na kasi ya mawimbi, kwa hiyo vipimo vilivyochukuliwa chini ya dawa tofauti havilinganishwi moja kwa moja.

ERG haithibitishi kwamba mnyama anaona. Neva ya jicho ikiwa imekatika, retina bado inaweza kutoa mawimbi mazuri.

Matumizi

Kabla ya kumpasua mbwa mwenye mtoto wa jicho, daktari wa mifugo hawezi kuiona retina iliyofichwa na ukungu wa lenzi. ERG humwonyesha kama bado inafanya kazi. Ikiwa imekufa, upasuaji hautamrudishia mbwa uwezo wa kuona.

Mwaka 2001 watafiti nchini Marekani walitangaza kwamba mbwa waliozaliwa na upofu kutokana na kasoro ya jeni RPE65 walitibiwa kwa kuingiziwa jeni nzima jichoni. ERG, iliyokuwa karibu bapa kabla ya tiba, ilionyesha mawimbi tena. Tiba ya aina hiyo kwa binadamu iliidhinishwa Marekani mnamo Desemba 2017.