Kiunzi Hubeba Nini?

Neno "kiunzi" limezaliwa na kitenzi "kuunda", na likitajwa tu akili hukimbilia vitu vilivyokazwa: kiunzi cha mifupa, kiunzi cha jahazi ambalo bado halijapigwa mbao, viunzi ambavyo wanariadha huviruka uwanjani. Ndiyo maana kila ninaposoma kwamba "kiunzi cha seli huishikilia seli", na maelezo yenyewe yanahusu mmea, huuliza: huishikilia kwa nini, wakati ukuta wa seli upo?

Kwa mmea, mzigo uko juu ya ukuta. Maji yaliyomo ndani ya seli ya mzizi husukuma kwa nguvu inayoweza kupita ile ya hewa ndani ya tairi la gari, na seli haipasuki kwa sababu ya nyuzi za selulosi zilizomo ukutani. Nyuzi hizo zikiizunguka seli kwa upana, hainenepi. Hurefuka tu, na ncha ya mzizi ikasukumwa mbele udongoni. Kila kitu kinategemea mwelekeo wa nyuzi. Nani basi anazipanga?

Mwaka 1962 Paul Green alichunguza seli za mwani uitwao Nitella zilizotiwa kolichisini, sumu iliyomo pia katika Gloriosa superba, lile ua jekundu na manjano linaloota porini kwetu Afrika Mashariki. Badala ya kurefuka, seli zilivimba pande zote. Sumu hiyo ilikwisha kujulikana kwa kuvuruga nyuzi za protini seli inapogawanyika. Green akakisia kwamba protini za namna hiyo zipo pia kando ya ukuta, zikiielekeza selulosi. Hakuwa ameziona. Naupenda sana ujasiri wa hoja hiyo. Mwaka uliofuata Myron Ledbetter na Keith Porter walizikuta kwa hadubini ya elektroni katika seli za mizizi: vineli vya nanomita 25 hivi, chini tu ya utando wa seli, vimelala sambamba na nyuzi za ukutani. Ni sehemu ya kile kiunzi cha seli. Naviita vineli, maana neli tunayo tayari, na kiambishi ki- kinatosha kuonyesha udogo.

Mwaka 2006, nchini Marekani, Alexander Paredez, Christopher Somerville na David Ehrhardt waliutazama mmea hai wa Arabidopsis, wakaona vimeng'enya vinavyotengeneza selulosi vikisafiri ndani ya utando kwa kufuata vineli, nanomita 300 hivi kwa dakika. Vineli vyenyewe havitulii: huku vinarefuka, huku vinabomoka. Kitu cha namna hiyo hakiwezi "kuishikilia" seli. Nomino ibaki, kitenzi kibadilishwe: kiunzi huuelekeza ukuta unapofumwa.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo kiunzi hubeba kweli, kwa maana ya mchukuzi na wala si ya nguzo. Vinyweleo vya mzizi hukua nchani tu, na malighafi ya ukuta mpya hufika huko ndani ya vifuko vinavyovutwa na protini za miosini juu ya nyuzi za aktini, sehemu nyingine ya kiunzi hicho. Aktini ikivurugwa kwa dawa, kinyweleo huacha kurefuka, ingawa ukuta wake haujaguswa.