Kadi ya Shilingi Moja

Wikendi zangu siku hizi ni karatasi, makasi na gundi. Natengeneza kadi za shukrani. Maboi hunicheka: si utume tu meseji?

Hiyo haraka si ya jana. Mwaka 1843, kule London, Henry Cole alikuwa na rundo la barua za Krismasi na hana muda wa kuzijibu. Stempu ya peni moja, aliyosaidia kuianzisha mwaka 1840, ilikuwa imefanya kutuma barua kuwa rahisi, na watu wakatuma kwelikweli. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja, zikachapwa kama 1,000. Alizobakisha ziliuzwa shilingi moja kila moja. Hivyo ndivyo kadi ya Krismasi ilivyoingia sokoni: ili mtu aokoe muda.

Lakini hata hizo zilipakwa rangi kwa mkono, moja baada ya nyingine. Na jina la anayepewa lilibaki wazi, uliandike mwenyewe.

Mimi muda ninao. Niliacha chuo mwaka wa pili, na karo Mama alikuwa ameipata kwa kuuza ng'ombe. Kadi ya leo ni yake. Nimeandika "Asante kwa" mara tatu nikakwama. Unashukuru vipi kwa digrii ambayo hataiona?

Mwishowe nimeandika: Asante kwa ng'ombe, Mama. Nisamehe.

Posta sipeleki. Jumamosi napanda matatu, nimpe mkononi.