Printa Iligoma Siku ya Mwisho ya KRA: Historia Fupi ya Dereva wa Linux

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025. Kama uko Kenya, hiyo tarehe huhitaji kuelezewa. Ni siku ya mwisho ya kufaili ritani za KRA, na saiba za hapa Kitengela zilikuwa na laini mpaka nje kwa vumbi. Kwa saiba moja karibu na stage, watu walikuwa wanafaili vizuri kabisa, lakini hakuna mtu alikuwa anatoka na karatasi. Printa imewasha taa ya kijani. Kompyuta inasema kazi imekamilika. Trei haina kitu.

Aliyeweka Linux kwa hizo kompyuta ni mimi.

Nilikuwa nimeziweka Jumamosi, kompyuta nne, bila kulipwa. Microsoft walikuwa wameshatangaza kwamba Windows 10 itakatiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine za huyo mama zilikuwa za mtumba, zile tunaita ex-UK, ambazo Windows 11 inazikataa mlangoni. Inataka chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, na kama prosesa ni ya Intel, iwe jenereshoni ya 8 kwenda juu. Zake zilikuwa za 4 na za 6. Nikamwambia, "Mathe, usinunue kompyuta zingine. Nitakuwekea Linux, ni ya bure, na ni rahisi."

Jumatatu saa nane mchana alinipigia simu. Watu wake walikuwa wanavuka barabara kwenda kuprinti kwa jirani. Aliniambia hivi, na sijasahau: "Kijana wangu, hii kitu yako ya bure imenikula leo kuliko ile ya kununua."

Sasa wacha niwape historia, kwa sababu hiyo siku ndiyo nilielewa kwamba shida ya huyo mama ni ya zamani kunishinda umri, na ilianza na printa vilevile.

Kwanza tuelewane. Dereva wa kompyuta ni programu ndogo inayojua kuongea na kifaa kimoja. Fikiria matatu mpya imeletwa stage, gia zimepangwa vingine, na mwenye kuitengeneza amekataa kutoa kitabu cha maelezo. Injini ni nzima, barabara iko, abiria wamekaa. Haiendi. Printa, Wi-Fi, kadi ya picha, spika, kila kimoja kinahitaji dereva wake.

Karibu mwaka 1980, maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT kule Marekani ilipewa printa mpya ya leza na kampuni ya Xerox. Karatasi zilikuwa zinakwama mara kwa mara. Programa mmoja pale, Richard Stallman, alikuwa ameshatatua shida kama hiyo kwa printa ya zamani: aliandika msimbo wa kuwajulisha wanaongoja kwamba karatasi imekwama, mtu aende aitoe. Akataka kufanya hivyo tena. Safari hii msimbo wa printa haukuwepo. Alipomfikia mtafiti wa chuo cha Carnegie Mellon aliyekuwa nao, jamaa akakataa, kwa sababu alikuwa ameweka sahihi ya kutouonyesha kwa mtu.

Stallman alikasirika, na hiyo hasira ni moja ya vitu vilivyomfanya atangaze mradi wa GNU tarehe 27 Septemba 1983, mradi wa kutengeneza mfumo mzima ambao mtu yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha. Yaani chimbuko mojawapo la haya mambo yetu yote ni mtu aliyesimama mbele ya printa iliyokwama akiambiwa hana ruhusa ya kuitengeneza.

Miaka minane baadaye, tarehe 25 Agosti 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, miaka 21, akatangaza kwamba anatengeneza mfumo wake kwa kompyuta yake ya prosesa ya 386. Kwa huo ujumbe alisema pengine hautawahi kukubali diski zaidi ya aina ile aliyonayo, kwa sababu ndiyo pekee alikuwa nayo. Ona hapo. Linux ilizaliwa na uhaba wa madereva. Iliendesha kile kilichokuwa mezani kwa kijana mmoja, na kila kifaa kingine kilichoongezwa, kuna mtu mahali fulani alikinunua, kikagoma, akakaa chini akakiandikia dereva.

Huku kwetu ilifika aje? Kwa posta. Si mzaha. Kabla kebo za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu kwa nchi za nje ilitegemea setilaiti, na kudaunilodi kitu cha megabaiti 700 ilikuwa ndoto ya matajiri. Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, toleo la kwanza Oktoba 2004, ilikuwa na huduma ya kukutumia CD bure mpaka kwa sanduku lako la posta. Ilidumu mpaka 2011. Jina lenyewe hatuhitaji kutafsiriwa: ubuntu ni utu.

Hiyo 2004 pia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi unaoitwa Kilinux, pamoja na washirika kutoka Uswidi. Desemba wakatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Mimi hiyo kazi naiheshimu sana. Walithibitisha kwamba menyu inaweza kusema "Faili" na dunia isianguke. Lakini kutafsiri menyu ni kitu unaweza kufanya ukiwa Dar. Dereva wa printa huwezi kumwandika kama mwenye printa ameficha maelezo yake.

Na walificha sana. Kesi maarufu ni Wi-Fi. Miaka ya 2000 laptopu nyingi zilikuja na chipu za Broadcom, na kampuni haikutoa msimbo wa dereva wala maelezo kwa watu wa Linux. Kuna waliotumia programu inayoitwa ndiswrapper, ambayo ilichukua dereva wa Windows na kumlazimisha afanye kazi ndani ya Linux. Wengine walichagua njia ndefu: kundi moja lichunguze dereva aliyefungwa wa kampuni na kuandika maelezo ya jinsi chipu inavyofanya kazi, kisha kundi lingine, ambalo halijauona ule msimbo, liandike dereva mpya kutokana na hayo maelezo tu. Walitenganisha hivyo ili wasishtakiwe kwa kunakili. Mwaka 2006 huyo dereva akaingizwa kwenye keneli toleo la 2.6.17. Broadcom wenyewe walitoa msimbo wa dereva wa chipu zao mpya Septemba 2010.

Katikati ya hizo vita, Januari 2007, mmoja wa wakuu wa keneli, Greg Kroah-Hartman, alitangazia kampuni zote: tupeni maelezo ya kifaa chenu, tutawaandikia dereva bure. Bure! Na bado kulikuwa na za kuvutwa miguu. Juni 2012, akiwa Chuo Kikuu cha Aalto, Torvalds aliulizwa kuhusu Nvidia, akaangalia kamera akawaonyesha kidole cha kati. Iliwachukua mpaka Mei 2022 kufungua msimbo wa sehemu ya dereva wao inayokaa ndani ya keneli.

Mtu atasema hayo ni mambo ya Wazungu kugombana. Basi twende Kajiado mjini.

Mwaka huohuo wa 2025 nilipanda matatu barabara ya Namanga, kupitia Isinya, kwenda kwa binamu yangu ambaye laptopu yake haikuona Wi-Fi baada ya kuweka Linux. Shida yake ni ile ya kuku na yai: ili upate famwea ya Wi-Fi unahitaji intaneti, na ili upate intaneti unahitaji Wi-Fi. Debian, ambayo ni kama nyanya wa Ubuntu, kwa miaka mingi ilikataa kuweka famwea zilizofungwa kwenye flashi rasmi ya kuinstolia, kwa msimamo wa uhuru. Wakapiga kura 2022 kubadilisha hiyo, na kuanzia Debian 12 ya Juni 2023 zinakuja ndani. Binamu alikuwa ameweka toleo la zamani, alilopewa na rafiki kwa flashi.

Dawa yake ilinichukua dakika kumi. Nilichomeka simu yangu kwa waya wa USB, nikawasha ile sehemu ya kugawa data, na laptopu ikapata neti papo hapo. Kisha nikaandika lspci -nnk, amri inayoorodhesha vifaa pamoja na namba zao na dereva anayeviendesha. Kifaa kama hakina dereva, mstari wa "driver in use" hautokei. Nikaangalia dmesg, ambapo keneli huandika malalamiko yake, na ilikuwa imetaja kwa jina faili la famwea ililokosa. Nikaliinstoli, nikarestati, Wi-Fi ikaja.

Na ona ujinga wangu: simu iliyonisaidia ilikuwa ya Android, na Android inaendeshwa na keneli ya Linux. Hakuna mtu Kenya hii ananunua simu halafu anatafuta dereva wa kamera. Kwa nini? Kwa sababu aliyeitengeneza simu alihakikisha madereva wako ndani kabla haijaingia kwa boksi. Kwa hivyo tukisema "Linux ni ngumu" tunalaumu asiyehusika. Linux inaenda vizuri mahali mwenye kifaa amekubali iende.

Turudi kwa mathe. Nilifika saa tisa na nusu. Nikafungua faili la /var/log/cups/error_log, ambalo mfumo wa kuprinti huandikia makosa. Liliniambia programu ya kutafsiri kurasa, iliyokuja na dereva wa kampuni, haipo. Naangalia, ipo. Naambiwa haipo. Nilibishana na hilo faili mpaka giza likaingia, na saiba ikafungwa printa bado imenyamaza.

Asubuhi yake ndiyo nikaandika amri inayoitwa file mbele ya jina la ile programu, na jibu likaja: ni ya biti 32. Mfumo wangu ulikuwa wa biti 64. Ule ujumbe wa "haipo" ulikuwa unahusu kitu kingine, yaani kipakiaji cha biti 32 ambacho hiyo programu inakihitaji ili iamke. Kampuni ilitengeneza dereva zamani, ikaenda zake, na msimbo haukutolewa, kwa hivyo hakuna wa kuutengeneza upya. Nikaongeza vifurushi vya i386. Karatasi ya kwanza ikatoka tarehe 1 Julai, saa tatu asubuhi, siku moja baada ya kuhitajika.

Je, kosa ni la nani? Aliyeficha msimbo ana lake. Lakini mimi pia nina langu, na nyinyi mnaohubiri Linux kama mimi mnalo. Tunasema "ni rahisi" kwa sababu ilikuwa rahisi kwa mashine yetu. Ningebuti hizo kompyuta kwa flashi Jumamosi bila kuinstoli chochote, nikajaribu Wi-Fi, sauti, na karatasi moja tu ya kuprinti, ningejua. Sikujaribu printa kwa sababu mimi huwa siprinti. Yeye ndiyo mkate wake.

Na msimu huu wa Windows 10 kuisha, mashine nyingi nzima zitatupwa ama zitauzwa kama vyuma. Tunaweza kuziokoa, na kila moja ni pesa za mtu wa kawaida. Ila huwezi kuokoa mashine ya mtu kwa maneno matamu. Jaribu kwanza. Soma logi kabla ya kulaumu. Ukipata dawa, iandike kwa Kiswahili ambacho fundi wa mtaani atakielewa.

Yangu niliiandika kwa karatasi, mistari sita, nikaibandika ukutani juu ya printa. Mathe alibaki na Linux kwa kompyuta tatu. Ya nne aliniambia niirudishe Windows, "ya kulala nayo usingizi." Niliirudisha, na sikumbishia.