Bendera Tatu za Peter Šťastný

Agosti 1980, timu ya hoki ya barafu ya Slovan Bratislava ilikuwa mjini Innsbruck, Austria, kwa mashindano ya klabu bingwa za Ulaya. Kwenye kikosi walikuwemo ndugu watatu wa tumbo moja: Marián, miaka 27, Peter, miaka 23, na Anton, miaka 21. Wote washambulizi, wote wachezaji wa timu ya taifa ya Czechoslovakia. Timu ilipofunga mizigo kurudi nyumbani, Peter na Anton hawakuonekana. Walikuwa ndani ya gari wakikimbilia Vienna, pamoja na Darina, mkewe Peter, aliyekuwa na mimba ya miezi minane.

Marián alirudi Bratislava. Mkewe na watoto wao watatu walikuwa huko, na wakubwa wa nchi ile walijua fika faida ya mchezaji kuacha familia nyumbani akisafiri.

Ukimtafuta Peter Šťastný leo, kitu cha kwanza utakachopewa ni takwimu. Ni takwimu za kutisha na nitazifikia. Lakini kuna swali ambalo takwimu hazilijibu: mchezaji ni wa nani? Ni wa nchi iliyomzaa, ama wa serikali inayotawala nchi hiyo kwa wakati huo? Jamaa huyu alivaa jezi za mataifa matatu tofauti kabla ya kustaafu, na kila jezi ilikuwa na jibu lake.

Wacha tuanze na kwa nini wanaume wawili waliokuwa mabingwa wa nchi yao walihitaji kutoroka usiku kama wezi wa kuku.

Czechoslovakia ya wakati huo ilikuwa chini ya Chama cha Kikomunisti, na kuondoka nchini bila ruhusa lilikuwa kosa la jinai. Hoki ya barafu nayo haikuwa mchezo tu. Mwaka 1950, polisi waliwakamata wachezaji wa timu ya taifa, timu iliyokuwa bingwa wa dunia mwaka mmoja tu kabla. Walishtakiwa kwa uhaini, na ndani yake kulikuwa na hofu kwamba wangetorokea nchi za Magharibi wakiwa safarini. Kipa wao, Bohumil Modrý, alihukumiwa miaka 15. Baadhi ya wenzake walipelekwa kufanya kazi kwenye migodi ya urani. Fikiria hilo: unatoka uwanjani ukiwa shujaa, unaishia mgodini kwa safari ambayo hujaifanya bado.

Mwaka 1968, vifaru vya Umoja wa Kisovieti na washirika wake viliingia Czechoslovakia kuzima mageuzi ya Alexander Dubček, ambaye mwenyewe alikuwa Mslovakia. Peter alikuwa na miaka 11. Machi iliyofuata, timu ya taifa iliwafunga Wasovieti mara mbili kwenye mashindano ya dunia kule Stockholm. Watu walimiminika barabarani, na mjini Prague ofisi ya shirika la ndege la Kisovieti, Aeroflot, ikavunjwavunjwa. Wiki chache baadaye Dubček aling'olewa madarakani. Kwa hivyo mtoto aliyekulia Bratislava akishika gongo la hoki alikua akijua kwamba bao linaweza kuleta watu barabarani, na watu barabarani wanaweza kuleta balaa.

Hata Slovan yenyewe ilishawahi kuonja kutorokwa. Mwaka 1974, Václav Nedomanský, nyota mkubwa wa klabu, alienda zake Kanada. Kwa hivyo Peter aliponyanyua simu kule Innsbruck kupigia klabu ya Quebec Nordiques, njia aliijua, na bei yake pia aliijua.

Bosi wa Nordiques, Marcel Aubut, na msaidizi wake Gilles Léger walipanda ndege mara moja. Nordiques walikuwa wameingia ligi ya NHL mwaka mmoja tu uliopita, na walikuwa na njaa ya wachezaji. Jina la Anton walishaliandikisha mwaka 1979 kwa matumaini tu, maana nani angemruhusu kuondoka? Sasa simu inalia na anayepiga ni kaka yake, mshambulizi bora zaidi kuliko yeye. Kutoka Vienna walisafirishwa hadi Kanada. Mwezi uliofuata Darina akajifungua salama huko Quebec.

Sasa takwimu. Kwenye hoki ya barafu, anayefunga anapata pointi moja, na anayetoa pasi ya bao anapata pointi moja pia. Msimu wake wa kwanza, Peter alifunga mabao 39 na kutoa pasi 70 za mabao: pointi 109 kwa mechi 77. Alipewa tuzo ya Calder, ya mchezaji mpya bora wa mwaka. Anton naye alifunga 39, kama waliambiana. Tarehe 22 Februari 1981, dhidi ya Washington Capitals, Quebec walishinda 11 kwa 7, na kila mmoja wa ndugu hao alikuwa na pointi nane. Pointi nane kwa mechi moja, watu wawili, nyumba moja. Hiyo si kawaida, bana.

Na huku yote haya yakiendelea, Marián alikuwa Bratislava hachezi.

Hapa ndipo hadithi hii hunikwama kooni. Marián hakufanya kosa lolote. Alirudi. Alifanya kile ambacho serikali ilitaka raia mwema afanye, na bado alifungiwa kucheza hoki na kuwekwa chini ya macho ya polisi wa siri. Alikuwa na digrii ya sheria, jamaa alisoma hadi akamaliza huku akichezea timu ya taifa. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili naiheshimu hiyo sana. Lakini cheti cha sheria kinakusaidia nini kwenye nchi ambayo sheria yenyewe ndiyo inakufuata barabarani? Kila bao la wadogo zake kule ng'ambo lilikuwa aibu kwa wakubwa, na aliyekuwa karibu wa kulipishwa aibu hiyo alikuwa yeye.

Ni rahisi kusimulia kutoroka kama hadithi ya ushujaa wa anayeondoka. Lakini anayeondoka huacha deni mezani, na mara nyingi risiti anapewa aliyebaki. Peter na Anton walilijua hilo. Marián pia alilijua. Sioni mtu wa kulaumu kati ya hao watatu. Aliyepanga mambo hivyo, hadi mtu aadhibiwe kwa safari ya mdogo wake, hakuwa uwanjani.

Mwaka 1981 Marián alifanikiwa kuvuka hadi Austria na mkewe na watoto wote watatu. Msimu wa 1981-82 Quebec walikuwa na Šťastný watatu kwenye barafu. Marián, baada ya mwaka mzima bila mechi, alipata pointi 89. Peter akafikisha 139, idadi kubwa kuliko zote maishani mwake. Kwa Kislovakia, šťastný maana yake ni mwenye furaha. Nadhani msimu huo jina liliwakaa vizuri.

Quebec walipokelewa kama watoto wa nyumbani, na kuna sababu. Huu ni mkoa wa watu wanaozungumza Kifaransa ndani ya Kanada yenye Waingereza wengi wa lugha. Mei 1980, miezi mitatu tu kabla ya ndugu hao kufika, wakazi wake walipiga kura kuamua kama mkoa uanze safari ya kujitenga. Karibu asilimia 60 walisema hapana. Kwa hivyo Waslovakia hawa, watoto wa taifa dogo ndani ya muungano mkubwa, walitua kati ya watu wengine wanaojiuliza swali lile lile. Na timu ya Nordiques, hasa ikicheza na jirani zao Montreal Canadiens, ilibeba hisia nyingi zaidi ya mchezo. Mechi yao ya Ijumaa Kuu mwaka 1984 iligeuka vita vya ngumi, na Peter akatoka amevunjwa pua.

Mwaka huo huo wa 1984 alivaa jezi ya pili. Alikuwa ameshapata uraia wa Kanada, akaitwa kwenye timu ya taifa kwa ajili ya mashindano ya Canada Cup. Czechoslovakia nao walikuwemo. Mtu aliyeshinda ubingwa wa dunia mwaka 1976 na 1977 akiwa na jezi yao, sasa yuko upande wa pili na jani jekundu kifuani. Kanada walichukua kombe.

Msaliti? Hapa Kenya neno hilo halikawii. Stephen Cherono alipobadili uraia mwaka 2003, akaitwa Saif Saaeed Shaheen na kuishindia Qatar dhahabu ya mbio za kuruka viunzi na maji kule Paris, tulinuna nchi nzima. Tofauti ni kwamba Cherono aliondoka mchana kweupe na karatasi mkononi. Peter aliondoka nchi ambayo kuomba tu karatasi hiyo kungemtia matatani. Ukifungiwa mlango na ukapita dirishani, kosa la kwanza ni la nani?

Novemba 1989 utawala ule ulianguka. Tarehe 1 Januari 1993 Czechoslovakia yenyewe ikagawanyika, na Slovakia ikawa nchi huru. Kwa maneno mengine, serikali iliyomhesabu kuwa mhalifu haikuwepo tena, na hata nchi iliyotajwa kwenye pasi yake ya zamani haikuwepo. Kilichobaki ni watu wake, lugha yake na mji wake.

Februari 1994, Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ilifanyika Lillehammer, Norway. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Slovakia kushiriki kama nchi huru. Aliyebeba bendera kwenye ufunguzi alikuwa Peter Šťastný, miaka 37, nahodha wa timu ya hoki. Timu ilimaliza kundi lake bila kupoteza mechi, kisha ikatolewa na Urusi robo fainali kwa bao la muda wa ziada. Walimaliza nafasi ya sita.

Na bado kulikuwa na kipimo kingine. Baada ya mgawanyiko, nafasi ya Czechoslovakia kwenye daraja la juu la mashindano ya dunia ilirithiwa na Jamhuri ya Czech. Slovakia, nchi iliyojaa wachezaji wa kiwango cha NHL, iliambiwa ianzie daraja la tatu. Ni kama kumiliki nusu ya nyumba, halafu siku ya kugawana ndugu yako anabaki sebuleni na wewe unaonyeshwa geti. Walipanda ngazi moja moja. Walishinda daraja la tatu mwaka 1994, wakashinda la pili mwaka 1995 kwao Bratislava, na Peter alikuwa kwenye kikosi hicho cha 1995. Alikuwa na miaka 38, mchezaji aliyeshikilia nafasi ya pili nyuma ya Wayne Gretzky kwa pointi za NHL miaka yote ya themanini, akihangaika daraja la pili ili nchi yake irudi kwenye meza ya wakubwa. Hakuwa na la kuthibitisha kwa mtu yeyote. Alienda tu.

Alistaafu NHL mwaka huo huo wa 1995, akiwa na pointi 1,239 kwa mechi 977. Kombe la Stanley hakuwahi kulishinda. Nordiques waliuzwa na kuhamia Denver mwaka huo huo, na mwaka mmoja baadaye wakalichukua kwa jina jipya, Colorado Avalanche. Mwaka 1998 Peter aliingizwa kwenye jumba la heshima la hoki kule Toronto.

Mwaka 2002, akiwa meneja wa timu ya taifa ya Slovakia, alishuhudia vijana wakiifunga Urusi 4 kwa 3 kwenye fainali ya dunia mjini Gothenburg, Sweden. Nahodha Miroslav Šatan alifunga mawili, na Peter Bondra akamaliza kazi zikiwa zimebaki chini ya dakika mbili. Nchi ya watu milioni tano na ushei, miaka minane baada ya kuanzia daraja la tatu, ilikuwa bingwa wa dunia. Baadaye, kuanzia 2004 hadi 2014, Peter alikuwa mbunge wa Slovakia kwenye Bunge la Ulaya. Mtu ambaye zamani angefungwa kwa kuvuka mpaka sasa alikuwa analipwa kuuvuka.

Wanawe wawili, Yan na Paul, walizaliwa Quebec na wote wakafika NHL. Ilipofika zamu yao kuchagua timu ya taifa, walichagua Marekani, walikokulia. Hakuna aliyewafuata barabarani wala aliyefungiwa kazi kwa sababu yao. Mwaka 2010 Paul alishinda medali ya fedha ya Olimpiki mjini Vancouver na bendera ya nne kwenye ukoo huo, na hakuna ndugu aliyelazimika kubaki nyuma kuilipia.